Idara ya Wivu wa Maendeleo

Nchi yenyewe siitaji kwa jina, na msije mkadhani ni uoga. Ni kwamba kila alipotua mshauri mpya kutoka ng'ambo, jina la nchi lilibadilishwa, pamoja na bendera na rangi ya nguzo za umeme, ili nchi ivutie. Raia walilala katika jamhuri moja wakaamka katika nyingine bila kuhama kitanda. Mwishowe wimbo wa taifa ukaachiwa pengo mahali pa jina, na waimbaji wakifika hapo wanakohoa kwa heshima. Basi na sisi tukohoe kidogo, tuendelee na safari.

Kitu kimoja tu hakikubadilika huko, nacho ni wivu. Mtukufu Kiongozi, siku alipokuwa akitafuta la kusema kwenye ufunguzi wa choo cha soko, alitafakari akaona nchi haina mafuta wala haina dhahabu, lakini wivu upo, tena wa kumwaga. Akatangaza hapo hapo mlangoni pa choo kwamba wivu ni maliasili ya taifa. Ikaundwa Idara ya Chapa na Wivu wa Maendeleo, na tangu hapo mwenye kijicho hakuhangaika tena na waganga. Alikwenda serikalini mchana kweupe, akamtaja anayemwonea wivu, na serikali ikamsaidia. Mimi naona ni busara. Nchi nyingine watu wanaoneana wivu ovyo ovyo, bila mpangilio wowote.

Sasa katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi Zahoro Mkumbwa, mtengeneza pilipili ya chupa. Zahoro hakuzaliwa na wivu, alilelewa nao. Mama yake, Bi Chausiku, alikuwa mwanamke wa shamba ambaye hakumsifu mwanawe hata kwa bahati mbaya. Zahoro akileta samaki, mtoto wa jirani kaleta mkubwa zaidi. Akifaulu mtihani, mtoto wa jirani kafaulu na mwandiko wake unasomeka. "Huoni mwenzio?" ndiyo iliyokuwa salamu ya asubuhi katika nyumba ile. Kijana akakua akiamini kwamba kila binadamu ana "mwenzio" wake aliyewekwa mahali fulani ili kumtesa.

Wa kwake Mungu alimweka ng'ambo ya barabara. Aliitwa Bi Sikudhani, naye pia akiuza pilipili.

Ukiniuliza mimi, Bi Sikudhani hakustahili mteja hata mmoja. Kibanda chake hakikuwa na jina wala kibao. Pilipili aliitia katika chupa yoyote aliyoipata, mara ya soda, mara ya dawa ya kikohozi, akaifunika kwa kipande cha nailoni na mpira. Alifungua alipojisikia kufungua. Mteja akiomba chupa mbili, Bi Sikudhani anamtazama juu mpaka chini. "Mbili za nini wewe, na huo utumbo wa kuazima? Chukua moja, kesho urudi, tena uje umeoga." Na watu, badala ya kukasirika, wanacheka na kujipanga foleni mpaka nje kwenye jua. Kwa Bi Sikudhani ukitukanwa unajiona umeshakuwa mtu wa pale.

Sasa mtazame Zahoro. Duka lake liliitwa Mwali wa Dhahabu wa Zahoro Mkumbwa, na bango lake lilionekana tangu njia panda. Lilikuwa na taa zinazokimbizana, na picha ya Zahoro mwenyewe na masharubu yake, kafunga mikono kifuani kama mtu anayekaribia kutatua tatizo. Wafanyakazi walivaa sare. Chupa zilikuwa na lebo ya kung'aa yenye nembo ya ndege tai. Kasoro ilikuwa moja tu, ile pilipili iliyokuwa ndani ya chupa. Bango lilikula mtaji wote, kwa hiyo Zahoro alisaga karoti, akatia unga wa ngano ili iwe nzito, kisha akapitisha pilipili juu juu kwa adabu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Zahoro alitia maji kabla hata ya kusifiwa.

Najua kuna msomaji aliyeshaanza kuninong'oneza ile methali ya kizuri chajiuza. Nyamaza, ndugu yangu. Methali hiyo katika nchi ile ilikuwa imepigwa marufuku kwa kuhujumu sekta ya matangazo.

Zahoro hakuwa na njaa ya fedha, tuseme ukweli. Alichokitaka ni kidogo sana, na ndiyo maana kilimuuma sana. Alitaka siku moja akae mlangoni pake, asikie mtu anamwambia mwenziwe njiani: "Pitia kwa Zahoro." Basi. Akifa baada ya hapo, freshi tu. Akawa anakaa mlangoni ametega sikio. Na kweli watu walipita, na kweli walilitaja bango lake. "Unaliona lile bango la masharubu?" walielekezana. "Sasa ukifika hapo, geuza shingo, mkabala wake ndiyo kwa Sikudhani." Bango lililomlia mtaji wake lilikuwa limegeuka kuwa alama ya kumfikishia mwenziwe wateja.

Na kama hilo halikutosha, mchana mmoja alirudi kula nyumbani akakuta mkewe, Mwatime, ana chupa ya dawa ya kikohozi pembeni ya sinia.

"Unaumwa?" Zahoro akauliza.

"Siumwi."

Zahoro akaidondoshea kwenye wali, akaonja. Masikio yakazibuka, jasho likamtoka puani, na ulimi wake, ambao hakujua kama bado uko hai, ukaomba nyingine. Akaweka kijiko chini. "Mpaka nyumbani kwangu, Mwatime?"

"Baba Zena, mimi nakupenda wewe," Mwatime akasema akiendelea kula. "Sikuahidi kupenda karoti."

Ule wivu uliompanda siku hiyo haukuwa wa kawaida. Ulianzia tumboni ukafika kwenye kope, na kila alichokitazama akakiona chekundu.

*

Wakati huo huo Idara ikaitisha semina ya lazima kwa wafanyabiashara wote, juu ya makosa ya kuepuka mtu anapojenga chapa. Chapa, kwa lugha ya Idara, ni ile picha inayomjia mtu kichwani akisikia jina lako. Mwendesha semina alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Mheshimiwa Pongwa, mtu wa suti ya vipande vitatu na kipini cha ndege tai kwenye shati. Mheshimiwa huyu hajawahi kuuza hata karanga maishani mwake, na kwa hiyo hakuwa na upendeleo.

"Ndugu wajasiriamali," alianza, "kosa la kwanza ni kuiga. Semeni nyote pamoja nami: sitaiga."

"Sitaiga," ukumbi mzima ukaitika.

"Kwa sauti moja."

"Sitaiga."

"Kila mmoja wenu awe na nembo yake ya kipekee. Mathamini... samahani, mathalani, mimi nina tai." Akakigusa kipini chake. Kabla wiki haijaisha, mwenye bucha alikuwa na tai, fundi cherehani alikuwa na tai, na muuza majeneza alikuwa na tai aliyeinamisha kichwa kwa heshima. Zahoro, aliyekuwa na tai tangu zamani, alikasirika kuigwa na mji mzima, akamvisha wa kwake miwani.

"Kosa la pili ni chapa kuzoeleka," Mheshimiwa akaendelea. "Mteja ashtushwe kila anapokuja." Zahoro akaandika hilo na kulipigia mstari. Tangu siku hiyo lebo zake zikawa za bluu wiki hii, za zambarau wiki ijayo. Alikuwepo mzee mmoja, pekee duniani, aliyeipenda ile pilipili ya Zahoro kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Alirudi akitafuta lebo ya bluu, akakuta zambarau, akadhani duka limeuzwa, akaenda zake kwa huzuni.

"Na kosa kubwa kuliko yote," Mheshimiwa Pongwa akashusha sauti, "ni kudhani mteja ananunua kitu. Mteja hanunui kitu, ndugu zangu. Ananunua jina. Kitu ni kifungashio cha jina." Watu wakapiga makofi. Zahoro alipiga zaidi ya wote, maana ndipo alipoelewa maisha yake. Kumbe pilipili yake haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwenye jina. Yule mwanamke alikalia jina lenye bahati, yeye akakalia lenye mkosi, na hiyo ndiyo tofauti yote.

Bi Sikudhani naye alikuwepo kwenye semina, kwa kuletwa na polisi. Alilala tangu mwanzo mpaka mwisho. Walipokuwa wakitoka alimshika Zahoro mkono. "Jirani, lile bango lako. Zile taa. Yaani nikilala naziota. Mimi kibanda changu kama banda la kuku, mtu akinitembelea naona haya."

Zahoro akadhani anakejeliwa, akauvuta mkono wake. Masikini, hakujua kama mtu mwenye foleni naye anaweza kuwa na donda lake.

*

Akaenda kwenye Idara kudai haki yake ya wivu.

Kwanza walimpima. Wivu wa kughushi ulikuwa umezidi nchini, kwa hiyo mwombaji aliwekewa sahani ya pilau mbele yake, na picha ya anayemwonea wivu ikaegemezwa kwenye jagi la maji. Akiweza kuimaliza sahani huku anaitazama, hana wivu, ana njaa tu, na anafukuzwa. Zahoro alitia tonge la kwanza mdomoni, akamtazama Bi Sikudhani akicheka pale kwenye jagi, na tonge likakataa kushuka. Jopo la wapimaji likaitikia kwa vichwa, kisha kwa moyo wa kizalendo likamsaidia kuimaliza. Mjumbe mmoja akachomoa mfukoni chupa ya dawa ya kikohozi akainyunyizia pilau. Zahoro alipoiona ile chupa machozi yakamtoka, na machozi yakapokelewa kama kielelezo.

"Wivu halisi," Mheshimiwa Pongwa akatamka huku anajichokonoa meno. "Sasa sikiliza vizuri, ndugu Zahoro. Sheria inaturuhusu kukuhamishia kitu kimoja tu kutoka kwake. Unachomwonea wivu ni pilipili yake, au jina lake?"

Zahoro akatabasamu kama mwanafunzi aliyeulizwa swali alilolisoma jana. "Jina, Mheshimiwa. Kifungashio ninacho."

Mkurugenzi alisimama, akamzunguka, akamtazama kwa nyuma pia. "Huyu ndiye raia tuliyekuwa tukimngojea," aliliambia jopo.

Akaitwa Bi Sikudhani aulizwe kama ana pingamizi. "Jina lako linahamishiwa kwa bwana huyu, pamoja na sifa zake zote," Mkurugenzi akamweleza.

"Na mimi nibaki naitwaje, jiwe?"

"Wewe unapewa la kwake. Zahoro Mkumbwa. Na nembo, na bango."

"Na zile taa?"

"Na taa."

"Zinazokimbizana?"

"Hizo hizo."

Bi Sikudhani akavuta kanga yake vizuri begani. "Basi sina neno mimi."

Zahoro moyoni alikuwa anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Ametoa jina lisilotajwa na mtu, amepata linalotajwa na mji mzima. Alimwonea huruma yule mwanamke, jinsi alivyo mjinga.

Hukumu ilisomwa sokoni kwa bendi ya matarumbeta. Kuanzia siku hiyo, aliyekuwa Zahoro ni Bi Sikudhani, na aliyekuwa Bi Sikudhani ni Bwana Zahoro Mkumbwa, katika mambo yote ya biashara, sifa, salamu na maombolezo. Bango lilivushwa barabara na masharubu yake. Mtu akiuliza mbona picha haifanani na mwenye duka, anajibiwa kwamba ni ya zamani. Mwatime, mke wa Zahoro, alinyoosha mkono akauliza yeye sasa ni mke wa nani. Akaambiwa ndoa ziko chini ya wizara nyingine, avute subira.

*

Siku ya kwanza watu walijaa dukani kwa Zahoro, kama sheria ilivyowaelekeza. Kwenye kona alikaa mkaguzi wa chapa, kazi yake kuhakikisha sifa zote za Sikudhani zimehamia kama zilivyo, ikiwemo ile ya kutukana wateja.

"Karibu sana mteja wetu mpendwa," Zahoro akaanza. Mkaguzi akakohoa. "Yaani, samahani, wewe ni... mjinga. Kwa heshima zote."

Mwanamke aliyetukanwa alimtazama kwa uchungu. Matusi ya ng'ambo ya barabara yalikuwa na mapenzi ndani yake, haya yalikuwa na woga. Akachukua chupa yake, akachovya kidole hapo hapo, akalamba, akampa na shoga yake alambe. Wakatazamana.

"Sikudhani kaharibika," shoga akasema.

"Kaharibika," mwenziwe akaitikia. "Ndiyo mambo ya kukua kwa biashara hayo."

Kesho yake ng'ambo ya barabara, chini ya taa zinazokimbizana, foleni ilipinda kona. Bi Sikudhani alikuwa anatukana kwa raha zake, pilipili ile ile, chupa zile zile za kikohozi, ila zimebandikwa tai mwenye miwani. Na Zahoro, akiwa amekaa mlangoni pake peke yake, akasikia kwa masikio yake mawili mtu akimwambia mwenziwe njiani: "Pitia kwa Zahoro."

Alisimama. Mkono ulishaanza kupanda juu kuwaitikia. Wakampita, wakavuka barabara.

Akarudi akakaa. Hajui mpaka leo kama alichokisikia moyoni ni furaha au ni mwiba.

Jina lile likaanza kukimbia kama moto wa nyasi. Wapishi wa hoteli wakaacha kusema pilipili, wakasema Zahoro. Siku moja yeye mwenyewe aliingia mgahawani kula supu, mhudumu akamuuliza, "Zahoro kidogo au Zahoro nyingi?" Supu ikamshinda. Redio ya taifa ikatangaza kuwa Zahoro ni fahari yetu, Zahoro ana ubunifu, Zahoro hachakachui. Watoto wakapewa jina hilo. Na yeye akakaa akiyasikiliza yote, na ule wivu uliokuwa umemkalia tumboni kwa ajili ya Sikudhani ukahama wote, ukamwelekea Zahoro. Alimchukia Zahoro. Kamzidi nini? Jina ni lake, masharubu ni yake, tai ni wake mpaka miwani. Alilala akimfikiria, akaamka akimfikiria, akipita chini ya lile bango anaitazama ile picha na kuona mtu mwenye kiburi, mtu ambaye mambo yamemnyookea bila kustahili.

"Leo kwa Zahoro hakuingiliki," Mwatime akasema siku moja akitua kikapu.

"Zahoro ni mimi, Mwatime."

"Sema polepole. Mkaguzi yuko dirishani."

Msidhani alikaa bure bila kujaribu. Alitupa karoti zote. Alinunua pilipili kichaa, akatwanga mwenyewe mpaka macho yakavimba, akatia ndimu na chumvi, akaianika juani, na ikatoka pilipili ya kweli, ya kumfanya mtu aite jina la bibi yake. Wateja wawili watatu waliobaki wakaonja, wakakunja uso. "Hii siyo Sikudhani," wakasema. "Sikudhani tunaijua sisi, ni ya karoti." Mkaguzi akaonja naye, akamfungulia shauri la kuivuruga chapa yake mwenyewe, na Zahoro akaamriwa na serikali kurudisha karoti.

Akakimbilia kwa Mkurugenzi, akapiga magoti kwenye zulia. "Mheshimiwa, nirudishieni jina langu."

"Bi Sikudhani," Mheshimiwa Pongwa akasema kwa upole, "ulichoomba ulipewa. Sasa unataka kubadilisha chapa tena? Hilo ni kosa kubwa sana la kibiashara. Chapa inataka msimamo." Akamwonyesha mlango, ambao ulikuwa umepakwa rangi mpya asubuhi ile kwa sababu Idara ilikuwa imebadilisha nembo.

*

Kisha ikatangazwa kwamba Mtukufu Kiongozi mwenyewe atakuja uwanjani kumvisha Zahoro Mkumbwa Nishani ya Chapa ya Taifa. Tangazo likasikika mpaka shamba. Na huko shamba Bi Chausiku, mama mtu, akaisikia redio ikilitaja jina alilolitoa yeye, akafunga nyumba, akapanda basi.

Zahoro alimkuta uwanjani, kakaa safu ya mbele, kanga mpya bado ina mikunjo ya dukani, na miguuni viatu visivyo vyake.

"Vya mama yake yule mwenzio wa jirani," Bi Chausiku akasema kabla hata ya kuamkiwa, akiinyoosha miguu ili avione vizuri. "Kaniazima mwenyewe. Kanishikia na mkoba mpaka kituoni. Mwanangu, yule mwanamke leo ananionea wivu mimi." Akamshika Zahoro shavu, jambo ambalo Zahoro hakukumbuka kama limewahi kutokea. "Nilikuwa sijakwambia. Wewe mtoto umenifaa."

Zahoro akafungua mdomo amweleze. Ukafungika wenyewe. Maneno yale aliyangojea tangu yuko na kaptula, na sasa yamekuja, yameletwa kwenye anwani yake, lakini ni ya mtu mwingine. Na akayachukua. Nani kati yetu asingeyachukua?

"Shikamoo mama," akasema tu.

"Marahaba, Zahoro wangu."

Matarumbeta yakalia. Mheshimiwa Pongwa akashika kipaza sauti, akaeleza kwa kirefu jinsi Idara ilivyomtengeneza mfanyabiashara huyu kwa mikono yake, kisha akaita: "Bwana Zahoro Mkumbwa, panda jukwaani."

Bi Chausiku akapiga kigelegele kilichowageuza watu shingo. Bi Sikudhani, ndani ya dera la rangi ya dhahabu lenye tai kifuani, akaanza kupanda ngazi.

"Wewe, si unaitwa?" Bi Chausiku akamsukuma mwanawe. "Na yule mwanamke anakwenda wapi?"

"Si mimi, mama."

"Si wewe, nani? Uchungu niliuona mimi, jina nikatoa mimi." Akamkamata mkono, akamvuta kuelekea jukwaani. Askari wakaona raia anayejulikana kisheria kama Bi Sikudhani anaitikia jina la mtu, wakamdaka Zahoro, mmoja huku mmoja huku. Bi Chausiku akabaki peke yake chini ya ngazi.

"Mama, wewe ni nani?" Mheshimiwa Pongwa akamuuliza kwenye kipaza sauti.

"Mimi ndiye mama yake Zahoro."

Uwanja ulilipuka. Wakambeba wakisema karibu, karibu, wakamkalisha kwenye kiti cha enzi pembeni ya Mtukufu, wakamvika maua, akatokea mtu wa kumpepea. Akaletewa sahani ya nyama choma iliyonyunyiziwa ile pilipili. Mwanamke ametoka safari, ana njaa, akaonja. Akaonja tena. Jasho likamtoka puani, na uso wake ukalainika taratibu, uso uliokuwa umekunjamana miaka na miaka kwa ajili ya mafanikio ya watoto wa watu.

Mtukufu Kiongozi akamwinamia, akamwonyesha Bi Sikudhani aliyesimama pale na nishani yake kifuani. "Mama, huyu ndiye mwanao?"

Bi Chausiku akamtazama yule mwanamke. Akaitazama nishani. Akaitazama sahani. Kisha akatazama chini, alipokuwa amesimama mwanawe katikati ya askari wawili, akitikisa kichwa kwa namna ambayo haikujulikana kama ni ndiyo au ni hapana. Yule mtu wa kupepea akaacha kupepea.

"Ndiye," akasema, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Ndiye mwanangu Zahoro."

Watu wakarusha kofia juu. Bi Sikudhani, na macho yamemjaa machozi, akapiga goti mbele ya Bi Chausiku akaamkia, naye akamwekea mkono kichwani.

Zahoro alipiga makofi. Askari walikuwa wamemwachia mikono ili apige, kwa kuwa kutopiga lilikuwa kosa. Yule wa kulia, kijana wa watu, alikuwa analia kwa furaha.

"We Bi mkubwa," akamuuliza Zahoro, "unamfahamu huyu Zahoro?"

"Namfahamu."

"Ni mtu wa namna gani?"

Zahoro alitazama kule jukwaani, ambako mama yake alikuwa akimega kipande cha nyama, kile kinono, na kumlisha mwanawe kwa mkono.

"Ana bahati," akasema kwa wivu, akiendelea kupiga makofi. "Mama yake anampenda."